Unahamia Marekani na familia? Chagua mji vile Wakorea huchagua

Familia ikipata karatasi za Marekani hapa Nakuru, swali la kwanza ni tuende wapi, na jibu hutoka kwa binamu aliye New Jersey ama Dallas, basi, mnamfuata. Mimi nilikaa West Lafayette, Indiana, miaka sita, jirani Mkorea huku na Mkorea kule, na ile njia yao ya kuchagua mji ningetamani mtu anionyeshe kabla sijapanda ndege.

Anza na ramani, utafute chuo kikuu kikubwa kilicho kwa mji usio mkubwa sana. West Lafayette iko na Purdue, Champaign na Urbana ziko na University of Illinois, Ann Arbor iko na University of Michigan, na Madison iko na University of Wisconsin. Wakorea wengi waliingia huko kusomea masters na PhD, wakaja na mabibi na watoto, na wengine wakabaki tu. Chuo kikishakuwa hapo unapata basi, hospitali, kazi, na watu waliozoea wageni, hakuna anayekushangaa ukiongea. Angalia pia viwanda vinavyokuja. 2024 SK hynix ya Korea ilitangaza kiwanda cha chip za kompyuta hapo West Lafayette, karibu dola bilioni 3.9, na Kokomo, kama saa moja hivi kwa gari, Samsung SDI waliungana na kampuni ya magari Stellantis kwa betri za magari ya umeme.

Sasa shule, na hapa nisikilize vizuri. Shule ya serikali kule ni ya bure lakini mara nyingi mtoto anaingia ile ya mtaa mnaoishi, kwa hivyo Mkorea anachagua shule kwanza, halafu mtaa, nyumba ndio ya mwisho, hata kama ni apatimenti ya vyumba viwili na watoto ni watatu. Sisi tulianza na nyumba, kubwa, renti poa, tukafurahi sana, kumbe ile shule tulitaka haichukui watoto wa upande wetu, ikabidi tuhame tena kabla mwaka kuisha na depositi ikapotelea hapo. Iliniuma. Na ufikirie mbali, karo ya Purdue kwa mwenyeji wa Indiana haijafika dola 10,000 kwa mwaka, wa kutoka nje analipa zaidi ya 28,000, so kama visa yako inaruhusu kuhesabiwa mwenyeji anza kuweka rekodi za makazi mapema.

Kitu kimoja chao sishauri. Kuna familia mama na watoto wako Amerika, baba amebaki Seoul anatuma pesa, wenyewe humuita baba bata bukini kwa vile anaruka tu kuja kuona watoto na kurudi. Sisi pia tunajua baba wa Doha. Kama mnaweza kwenda pamoja, nendeni pamoja, hata mkichelewa mwaka.

Kabla ya kulipa tiketi ulizia kanisa na chama. Kanisa la Wakorea ndilo linakuokota airport, linakuonyesha daktari, na mahali pengi Jumamosi watoto wanafundishwa Kikorea. Chama chao kinaitwa kye, ni merry-go-round kabisa kama yetu, kila mtu anaweka na mmoja anabeba, na duka nyingi na dobi za Wakorea Marekani zilianzia hapo. Kama Wakenya wa huo mji hawatoshi chama, uliza mji unaofuata.

Chakula isikuogopeshe. Chicago ni kama saa mbili na kitu, hesabu Nakuru kwenda Nairobi siku barabara iko sawa. Jirani zetu walikuwa wanapanda gari moja mpaka H Mart, supermarket ya vyakula vya Kikorea, iliyo Niles karibu na Chicago, wananunua ya mwezi mzima, nasi tukaanza kuwatuma mchele. Novemba wanatengeneza kimchi, kabichi yao ya kuchachusha, ya baridi yote kwa mabeseni, wamama wamekaa chini wanapaka pilipili kabichi jani kwa jani, na hatukuwahi kukosa yetu.

Gari ni lazima, iingize kwa bajeti ya mwezi wa kwanza pamoja na insurance. Na mkipata nafasi mmoja wenu atangulie kuona mji, aende Januari, asiende Juni. Asimame stendi ya basi saa moja asubuhi na theluji iko kwa magoti, ndio awapigie simu.