Mlingoti Ushuke Kwanza, Pesa Baadaye

Mashua yangu ya kwanza niliinunua Lindi, upande wa Kitunda, vijana wakaileta Mikindani nami nimesimama ufukweni najiona tajiri. Ilikuwa imepakwa rangi ya buluu, mbichi bado, kuanzia ubavuni hadi juu ya mlingoti. Kusi lilipokaza, wiki ya pili tu, mlingoti ukakatika palepale unaposhikwa na boriti ya kukingama, foromali, ule mti wa kubebea tanga, na tanga lenyewe vikawaangukia waliokuwa chomboni. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Fundi alipokuja akachomeka kisu kwenye lile kovu, kikazama kama kwenye muhogo uliochemka. Akaniambia, "Mama, wewe ulinunua rangi."

Mimi baharini siendi, nanunua samaki na kumiliki vyombo. Tangu siku hiyo nimenunua mashua mbili nyingine zilizokwisha tumika na kuziacha nne, na sijatoa hata shilingi kabla mlingoti haujalala chini.

Anza na siku. Nenda wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwa sababu huku kwetu maji ya bamvua yanakupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Una mwanga, upepo bado mwepesi, na chombo kimekauka hadi mkuku, uti wake wa chini kabisa. Maji mafu, ya mwezi nusu, yatakuonyesha nusu ya chombo tu. Mwambie muuzaji akisimamishe mapema kwenye magadi, miti ya kukiegemeza. Fundi nenda naye mwenyewe. Yule wa kutafutiwa na muuzaji ni mtu mwema, lakini chai yake ameshainywa kule.

Kushusha mlingoti kunataka watu watano au sita. Shusheni foromali kwanza, mlitoe kando na tanga lake. Halafu fungeni kamba mbili ndefu kwenye kichwa cha mlingoti, moja iende omo, yaani mbele, nyingine tezi, yaani nyuma. Kwa kuwa mlingoti wa mashua umeinamia mbele, watu wa tezi ndio wanaouvuta taratibu mpaka usimame wima, wa omo wakiushikilia. Hapo ndipo kabari zigongwe zitoke na kamba za kwenye boriti zilegezwe. Mmoja akae na mguu wa mlingoti usiruke, wa omo waachie kamba kidogo kidogo, ulale kuelekea tezi juu ya mabega ya waliobaki. Mtoto asiwepo chini. Na anayetoa amri awe mmoja. Nimeona mlingoti ukiangushwa na watu wawili waliokuwa wanajua sana.

Ukishalala juu ya magogo, uviringishe uone pande zote. Gonga kwa nyundo ndogo toka kichwani hadi mguuni na usikilize. Mti mzima unajibu kwa sauti kali, iliyobana. Uliooza unajibu kama gunia la mchanga. Kisha chomeka kisu sehemu tatu: mguuni, pale boriti iliposhika, na juu linapokaa gofia, gurudumu la kupitishia kamba. Hizo ndizo sehemu zinazotunza maji. Ufa unaofuata urefu wa mti usikutishe sana, mti ukikauka hupasuka hivyo. Ufa uliokata mti kwa upana, hata kama ni mwembamba kama unywele, huo acha. Mlingoti mpya unapatikana, ndiyo, ila bei yake ikatwe kwenye bei ya chombo leo, siyo kesho.

Sasa tundu la mlingoti liko wazi, na kwangu hapa ndipo uhondo ulipo. Ingiza mkono hadi mguu wa mlingoti unapokaa, chota uchafu, unuse. Harufu ya chumvi na ya sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka chombo, ni ya kawaida. Harufu ya uyoga ni maji ya mvua yaliyolala. Watu wanaogopa maji ya bahari, wakati mti unaoza kwa maji baridi. Mvua zetu za kusini, za Desemba hadi Aprili, zikikikuta chombo kimeachwa wazi bila kufuliwa maji, kinaozea ndani huku nje kinang'aa.

Endelea na mataruma, mbavu za ndani za chombo, kwa tochi. Kila msumari wa chuma uliotoa mchirizi mweusi, chomeka kisu kando yake, maana kutu inakula mti unaouzunguka. Chini, karibu na mkuku, tafuta vitundu vidogo kama vya sindano. Wale wanaotoboa ni jamii ya kombe. Wanaingia wadogo wakanenepea humohumo, kwa hiyo kitundu kidogo nje kinaweza kuwa pango ndani. Ukikuta saruji au lami imebandikwa mahali, iombe itolewe. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Kalafati, kizibo cha kati ya mbao, usiipime kwa chombo kilichokaa juani mwezi mzima. Mbao zimesinyaa, lazima kitavuja. Kielee usiku mmoja mbao zinywe maji zijibane, asubuhi ndipo uhesabu ndoo za kufua.

Tanga livute kwa vidole gumba viwili, karibu na pindo la juu. Jua la Mtwara halina huruma. Likichanika, ni bei ya kitambaa tu.

Karatasi sasa. Namba iliyoandikwa ubavuni ilingane na ya kwenye leseni ya halmashauri na cheti cha ukaguzi cha TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Pita kwa BMU ya hapo, kikundi cha kusimamia ufukwe na uvuvi, uulize kwa upole kama chombo kimewahi kukamatwa, hasa kwa uvuvi wa baruti. Mauziano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na orodha itaje foromali, tanga, nanga na makasia. Mimi niliwahi kupelekewa mashua isiyo na nanga, na muuzaji akaapa nanga hatukuitaja. Kweli hatukuitaja.

Msipoelewana bei, bado mlingoti ni wenu kuurudisha kabla maji hayajafika kwenye mkuku. Niliyemkatalia Msimbati alinisaidia kugonga kabari kimya kimya, akanipa nazi mbili za njiani.