Kupogoa mzabibu wa uani hapa Dodoma, usiuonee huruma

Habari za jioni wakuu. Nyumba nyingi hapa mjini zina mzabibu uani umetambaa kwenye kichanja, kivuli safi, wazee wanacheza bao chini yake, ila ukiuliza zabibu unaoneshwa vishada viwili vya kinyonge. Haujapogolewa huo. Zabibu inazaa kwenye chipukizi jipya linalotoka kwenye tawi la msimu uliopita, ukiacha matawi yote unalisha majani tu.

Wenzetu Ulaya baridi ndiyo inalaza mzabibu, huku mkasi ndio unaoamua msimu uanze lini, ndo maana Dodoma tunavuna mara mbili, Februari/Machi na Agosti/Septemba. Toka kupogoa mpaka kuvuna weka miezi minne hivi halafu urudi nyuma kwenye kalenda.

1. Ukishavuna punguza maji, uache upumzike wiki kadhaa.

2. Tafuta mkasi mkali wa kupogolea, ufute na spiriti kila ukihamia mti mwingine. Panga hapana, linachana.

3. Hapa ndo penye kazi. Shika tawi la kahawia lenye unene wa penseli, anza pale linapoungana na mkono wa mti (lile tawi kuu la kudumu), hesabu macho, yaani vivimbe vinavyotoa chipukizi, la kwanza, la pili, kata juu kidogo ya la pili, mkato uwe mshazari. Rudia tawi kwa tawi. Vyembamba na vikavu toa vyote. Ukimaliza mti utakuwa kama umenyolewa, jirani anaweza kuja kukupa pole, mwache.

4. Kwenye mikato maji yatadondoka tone tone, hata siku kadhaa. Usipake kitu, yataacha yenyewe.

5. Samadi iliyooza debe moja, izungushie mbali kidogo na shina, mwagilia vizuri.

MASWALI

– Mkuu, mzabibu wangu una miaka minne haujawahi kuguswa, nianzie wapi?
Chagua shina moja lililonyooka na mikono miwili mizuri, mingine ondoa. Msimu huu utavuna kidogo, vumilia.

– Majani yana unga mweupe mpaka kwenye punje, nifanyeje?
Huo ni ubwiriunga dada, ugonjwa wa ukungu. Pulizia salfa asubuhi mapema au jioni, jua la mchana la huku likiikuta inaunguza majani. Punguza na majani yaliyobana vishada hewa ipite.

– Na bogenvilea nikate hivyohivyo?
Hapana, hiyo subiri maua yapukutike ndo uifupishe, maua yanakuja kwenye machipukizi mapya. Maji usiizidishie, itakupa majani matupu. Na vaa glavu, ile miiba haina undugu.

– Vijiti nilivyokata nitupe?
Unatupa miche kaka! Chukua vyenye afya vyenye macho manne, mawili yafukie, mawili yabaki juu, weka kivulini udongo usikauke. Angalia tu usichomeke kichwa chini.