Somo: Kukadiria gharama za leseni za programu za kushirikiana nyaraka kazini

Swali la gharama za leseni limeletwa kwangu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandikia jibu moja ambalo kila mtu atalisoma.

Hatua ya 1. Hesabu watu, si kompyuta, kwa kuwa Microsoft 365 na Google Workspace hutoza kwa kila mtumiaji.

Hatua ya 2. Chagua kifurushi kwa kazi ya mtu, si kwa cheo chake.

Hatua ya 3. Soma muda wa mkataba kabla ya kulipa. Hapa ndipo nilipokosea. Wafanyakazi wanne walipoacha kazi, nilifuta akaunti zao nikiamini kwamba malipo yamekoma, kumbe kufuta akaunti humwondoa mtumiaji peke yake, ilhali leseni hubaki ndani ya mkataba, na ofisi iliendelea kuzilipia hadi mwaka ulipokwisha. Tahadhari: mkataba wa mwaka hukubali kuongeza leseni wakati wowote, lakini kupunguza husubiri siku ya kuhuisha, na mikataba mingi hujihuisha yenyewe. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya watu wawili.

Hatua ya 4. Kumbuka kwamba vifurushi vya Business vya kampuni zote mbili vina kikomo cha watumiaji 300.

MASWALI

Mkuu, nitajie tu bei ya watu kumi.
— Hujaeleza kazi zao wala muda wa mkataba. Rudi hatua ya 2 na ya 3.

Nikikosea idadi siku ya kununua, sina njia ya kurekebisha?
— Umeuliza jambo la maana. Microsoft hutoa siku 7 tangu kununua au kuhuisha, na ndani yake unaweza kupunguza leseni. Wenye watumishi wa muda wafikirie mkataba wa mwezi, ambao ni ghali zaidi kwa kila leseni, lakini haukufungi mwaka mzima.

LibreOffice, programu ya kuandika nyaraka na kupiga hesabu, ni bure. Kwa nini tulipe?
— Leseni ni bure, naam. Ila watu kuhariri waraka mmoja kwa pamoja kwenye kivinjari kunahitaji kitu kama Collabora Online, na hapo utagharimia seva, nakala za akiba na fundi. Piga hesabu zote mbili ndipo ulinganishe.

Je, anwani ya barua pepe ya idara nayo inahitaji leseni?
— Kwa Microsoft, sanduku la barua pepe la pamoja lisilozidi GB 50 halihitaji, mradi wanaolifungua wana leseni zao.

Naongezea: kwa Google, hamisha umiliki wa nyaraka kabla ya kufuta akaunti, kwani kuirejesha kunawezekana ndani ya siku 20 tu.
— Ahsante sana. Nitaliingiza katika hatua ya 3.