Safari ya meli ya kitalii Mediterania: anza na viza
Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania asome ratiba, bandari kwa bandari, kabla ya kulipia. Meli ikitoka Barcelona, ikapitia Tunisia, kisha ikarudi Ulaya, utakuwa umetoka Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Omba ya kuingia mara nyingi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, yakiambatana na bima ya matibabu yenye fidia isiyopungua euro 30,000.

Fika mjini siku moja kabla, maana ndege ikichelewa meli haitakusubiri. Dawa na pasipoti zikae kwenye mkoba wa mkononi: masanduku hufikishwa chumbani saa kadhaa baadaye. Bahari ikikutapisha, chagua chumba cha katikati, ghorofa za chini, ambako meli huyumba kidogo zaidi.