Somo: Kulea watoto wa pudeli nyumbani, kuanzia kuzaliwa hadi wiki ya 8

Somo hili linamlenga mwenye mbwa wa aina ya pudeli, mdogo (kimo cha sm 28 hadi 35 begani) au kibete (sm 24 hadi 28), maana hao ndio wanaofugwa ndani ya nyumba na ndio ambao watoto wao hufa upesi. Mwenye pudeli mkubwa atafuata hatua hizihizi, ila ajiandae kwa watoto sita, wanane au zaidi badala ya wawili watatu. Siku 14 za kwanza ndizo ngumu, kwa hiyo tutakaa humo zaidi.

Hatua ya 1: Sanduku

Mimba huchukua takriban siku 63. Sanduku la kuzalia liwe tayari wiki mbili kabla ili mama alizoee. Asipolizoea atazalia uvunguni mwa kitanda chako. Kwa pudeli mdogo, sm 90 kwa 90 zinatosha, kuta ziwe na kimo cha sm 30, na upande mmoja ushushwe ili mama apite bila kuburuza matiti. Ndani, zungushia kuta zote ubao mwembamba au bomba la plastiki, sm 7 au 8 kutoka chini na umbali uo huo kutoka ukutani. Wengi huruka kizuizi hiki, na wengi hujuta: mama akijilaza huegemea ukuta, na mtoto aliye nyuma yake hubanwa akafa bila hata kulia.

Tandika magazeti, kisha blanketi. Taulo zenye vitanzi hunasa kucha, na vumbi la randa huingia puani na kwenye kitovu kibichi.

Siku chache kabla ya kuzaa, mnyoe mama tumbo lote kuzunguka chuchu, ndani ya mapaja na chini ya mkia. Manyoya ya pudeli hayapukutiki kama ya mbwa wengine. Hukua, yakalowa damu na maziwa, yakasokotana. Msokoto huo unaweza kumzunguka mtoto mguuni au shingoni.

Hatua ya 2: Siku ya kuzaa

Kuanzia siku ya 58 mpime mama joto la njia ya haja kubwa asubuhi na jioni. Likishuka chini ya 37.2°C, kwa kawaida uchungu huanza ndani ya saa 24. Mpigie daktari wa mifugo bila kungoja iwapo mama anasukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kitu, iwapo saa mbili zimepita tangu mtoto wa mwisho na unajua wengine wamo, au iwapo ute wa kijani umetoka kabla ya mtoto wa kwanza. Hesabu makondo ya nyuma: kila mtoto na lake.

Mama asipokata kitovu, kifunge kwa uzi safi sm 2 kutoka tumboni, kata mbele ya fundo, paka iodini. Usikivute kamwe kuelekea mbali na tumbo. Kukivuta kunaweza kuleta ngiri ya kitovu. Watoto wa pudeli mweusi hufanana kama sarafu, kwa hiyo mvalishe kila mmoja uzi laini wa rangi yake shingoni, na uulegeze kila siku kadiri anavyokua.

Hatua ya 3: Joto kwanza, maziwa baadaye

Mtoto wa mbwa hawezi kujipasha joto wala kutetemeka katika siku zake za mwanzo. Pale alipolala pawe na 29 hadi 32°C wiki ya kwanza, 26 hadi 29 wiki ya pili, kisha shusha taratibu hadi 22 hivi wiki ya nne. Pima palepale kwenye blanketi, si ukutani. Taa ya joto iangazie kona moja tu, ili mwenye kuzidiwa ajitambaze kando. Dar es Salaam mwezi Januari huenda usihitaji taa kabisa. Nairobi au Arusha mwezi Julai utaihitaji usiku kucha, na umeme ukikatika uwe na chupa za maji ya moto zilizoviringishwa vitambaa viwili.

Watoto wenyewe ni kipimajoto kizuri. Wakirundikana juu ya mmoja na kulia, wana baridi. Wakitawanyika, wakihema na ngozi ya tumbo kuwa nyekundu, wamezidiwa. Waliolala wakigusana tu, wakirukaruka viungo usingizini, wako salama.

Mtoto aliyepoa usimpe maziwa. Joto la mwili likishuka chini ya 34.4°C utumbo husimama. Maziwa huvundia tumboni au hurudi juu na kuingia mapafuni. Mpashe kwanza kifuani mwako, ndani ya nguo, taratibu kwa saa moja au zaidi, ndipo umweke kwenye chuchu. Watoto wengi wanaosemwa "wamekataa kunyonya" walikuwa wamepoa tu.

Dang'a, yaani maziwa ya kwanza yenye kinga ya mama, lazima linyonywe mapema, siku yenyewe ya kuzaliwa. Baada ya saa 24 utumbo haupitishi tena kinga hiyo.

Hatua ya 4: Mizani

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Pima kila mtoto saa ileile, mara mbili kwa siku wiki ya kwanza, kisha mara moja hadi wiki ya tatu, na uandike daftarini. Siku ya kwanza anaweza kupungua kidogo, lakini si zaidi ya asilimia 10. Baada ya hapo aongezeke kila siku. Kati ya siku ya 8 na ya 10 awe amefikia maradufu ya uzito wa kuzaliwa. Uzito uliosimama kwa siku nzima ni onyo tosha, hata kama mtoto anaonekana mzima. Macho huona tatizo kesho yake, na kwa kibete mwenye gramu 120 kesho ni mbali.

Aliyebaki nyuma mweke kwenye chuchu za nyuma, ambazo kwa kawaida hutoa maziwa zaidi, huku wenzake wakubwa wakisubiri kando. Isipotosha, ongeza maziwa ya unga ya watoto wa mbwa, yasizidi mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito kwa mlo, kila baada ya saa mbili au tatu. Mtoto alale kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa huingia mapafuni. Ukimlisha wewe, mpanguse pia kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ili akojoe na kupata choo. Mpaka wiki ya tatu hawezi mwenyewe.

Hatua ya 5: Mama

Mpe chakula cha watoto wa mbwa, ale anavyotaka. Usimpe vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba kwa kujihami: mwili huzoea kupewa, ukashindwa kuitoa mifupani maziwa yanapoanza kutoka. Mama anayehema, kutetemeka na kukakamaa miguu katika wiki nne za kwanza ana upungufu wa kalsiamu wa ghafla. Watenge watoto, mkimbize kliniki. Hilo ni suala la saa chache.

Kata ncha za kucha za watoto kila wiki. Kucha hizo huchana chuchu, na mchubuko hualika uvimbe wa matiti.

Hatua ya 6: Minyoo, chanjo, chakula

Minyoo ya mviringo hupita kwa watoto tumboni na katika maziwa, hata mama akiwa anang'aa. Dawa hutolewa wiki ya 2, 4, 6 na 8, kwa uzito wa siku hiyo, na mama pia apewe. Chanjo ya kwanza ni kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida ni miezi mitatu.

Chakula kigumu huanza wiki ya nne, vibete wakati mwingine ya tano: punje za chakula cha watoto wa mbwa zilizolowekwa maji ya moto hadi ziwe rojo, zipoe, mara nne kwa siku kwenye sahani bapa. Uji wa mahindi hujaza tumbo bila protini ya kutosha.

Hatua ya 7: Mashine ya kunyolea

Hapa pudeli hutofautiana na mbwa wengi. Atanyolewa maisha yake yote, kwa hiyo ajifunze kabla ya kujua kuogopa. Kuanzia wiki ya tatu mshike miguu na midomo kila siku, mashine ikinguruma kando bila kumgusa. Wiki ya tano au ya sita mnyoe uso, nyayo na shina la mkia kwa wembe namba 10 au 15, dakika tano tu. Gusisha wembe ndani ya kiwiko chako kila baada ya dakika moja. Ukiwa na joto, zima.

Maswali ya wanachama

Nakuru: Shikamoo mwalimu. Nimemnyoa uso mtoto mweusi wa wiki sita, ngozi na manyoya ni ya kijivu. Mwenye dume aliniambia ni mweusi. Nimedanganywa?

Marahaba. La. Pudeli wa rangi ya fedha huzaliwa mweusi, na uso ukinyolewa ndipo rangi hujitokeza kwanza. Usimwandikishe kuwa mweusi, subiri.

Moshi: Maziwa ya ng'ombe yakiongezwa maji je?

Unaharibu zaidi. Maziwa ya mbwa yana protini na mafuta maradufu au zaidi ya yale ya ng'ombe, na laktosi kidogo. Utampa maji na kuhara.

Mombasa: Kibete wa wiki saba ameamka anayumba, fizi zimepauka.

Sukari imeshuka. Mpake asali au glukosi kwenye fizi sasa hivi, usimmiminie kooni, mpashe joto, akipata nguvu ale, kisha kliniki. Vibete wasikae usiku mzima bila chakula: mlo wa mwisho uwe usiku sana, wa kwanza alfajiri.

Kampala: Hawa ni pudeli wakubwa. Mmoja alizaliwa dhaifu, sasa wiki ya tano ana degedege. Wenzake wazima.

Mweleze daktari kuhusu ugonjwa wa kurithi wa ubongo wa pudeli wakubwa: watoto huzaliwa wadogo na dhaifu, degedege huanza wiki ya nne hadi ya sita, na kwa kawaida hawavuki ya saba. Hutokea wazazi wote wawili wanapobeba jeni hiyo. Kipimo cha vinasaba kipo, na wazazi hao wasipandishwe pamoja tena.

Nairobi: Mkia ukatwe? Na vyeti nipate wapi?

Kiwango cha FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, kinakubali mkia wa asili, na Uingereza ilipiga marufuku kukata mwaka 2007 isipokuwa kwa baadhi ya mbwa wa kazi. Uache. Vyeti ni East Africa Kennel Club, ikiwa baba na mama wote wameandikishwa. Jambo hilo huulizwa kabla ya kupandisha, si watoto wakiwa na wiki saba.

Dodoma: Nyumba hii ilikuwa na parvo, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa, mwaka jana. Niruhusu wateja waje kuwaona?

Wasije kabla ya chanjo ya kwanza, na hata baada yake wavue viatu nje na kunawa. Virusi hivyo hukaa kwenye udongo mwaka au zaidi. Sakafu ya saruji isafishwe kwa sabuni kwanza, kisha klorini ya kufulia sehemu 1 kwa maji sehemu 30, ikae dakika 10 kabla ya kusuuza. Ua wa udongo hausafishiki hivyo. Watoto wakae ndani.