Tembe Wako Akikaribia Kutaga

Ndugu zangu wafugaji wa Mtwara na Lindi, tafadhali msimchinje tembe wa kienyeji, yaani kuku jike ambaye bado hajaanza kutaga, kwa sababu tu amefikisha miezi mitano bila yai, kwani wengi wao huanza kutaga kati ya mwezi wa sita na wa nane, hasa wale wanaojitafutia chakula uani, ilhali kuku chotara na wa kisasa hutangulia.

Mtazameni kwa makini. Upanga wake wa kichwani na ndevu zilizo chini ya mdomo huwa vyekundu na kujaa, naye huanza kuchungulia pembe zenye giza na kuchutama mtu anapomkaribia. Nafasi iliyo kati ya mifupa miwili ya nyonga, karibu na njia ya yai, ikipitisha vidole viwili au vitatu, siku zimekaribia.

Chakula ndicho ninachokisisitiza zaidi. Chenga za muhogo peke yake humshibisha tu, kwa hiyo mchanganyieni mashudu ya ufuta au dagaa waliosagwa. Makombe ya chaza, ambayo pwani yetu inayo tele, yaosheni, yakausheni, yatwangeni, kisha yawekeni katika chombo cha pembeni mara dalili hizo zinapoonekana, si kabla, kwa kuwa madini ya chokaa yakizidi huweza kuharibu figo za kuku mchanga.

Kiota kiwe na nyasi kavu, mahali penye kivuli na utulivu. Mayai ya mwanzo huwa madogo.