Namna ya Kuandika Kumbukumbu za Utotoni Kuhusu Mzee Aliyepigana Vita

Aliyelelewa nyumba moja na babu au mjomba aliyewahi kupigana vita anabeba mambo ambayo hayamo katika faili lolote la jeshi. Faili litataja kikosi, cheo na tarehe za kuingia na kutoka jeshini. Halitasema kwamba mzee alichagua daima kiti kinachotazama mlango, wala kwamba watoto walikatazwa kumwamsha kwa kumgusa. Mambo hayo yanastahili kuandikwa, na utaratibu wa kuyaandika una uzito kuliko ufasaha wa mwandishi.

Anza peke yako, kabla hujamuuliza ndugu yeyote na kabla hujafungua nyaraka, kwa sababu kumbukumbu hubadilika kwa wepesi mno. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali walikadiria mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida, ilhali filamu zilikuwa zile zile. Ikiwa kitenzi kimoja kinatosha kufanya hivyo, masimulizi ya dada mkubwa yaliyorudiwa kwa miaka mingi yatafanya zaidi.

Unapoandika, pita nyumba ile chumba kwa chumba na ushike vitu, sauti na harufu kabla ya sifa. Sentensi kama "Babu alikuwa na nidhamu ya kijeshi" haimwonyeshi mtu yeyote, kwa kuwa inaweza kusemwa juu ya maelfu ya wazee. Andika badala yake kwamba kila asubuhi alikunja blanketi lake mara nne, akalinganisha ncha zake kwa kidole gumba, akapitisha kiganja juu yake hadi mkunjo wa mwisho ukatoweka, na kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza naye mpaka amalize. Hapo msomaji anamwona mzee mwenyewe, na nidhamu ataitambua bila kuambiwa.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kutenganisha alichokiona mtoto na anachokijua mtu mzima. Tumia daftari lenye kurasa mbili zinazoelekeana: wa kushoto uwe wa mtoto, wa kulia uwe wako wa leo. Mtoto alisikia kelele usiku akadhani mwizi ameingia. Hilo liandikwe kushoto jinsi lilivyo. Kulia unaweza kueleza kwamba maradhi ya msongo wa akili baada ya kiwewe yaliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu, hivyo familia nyingi zilizoishi na hali hiyo kabla ya hapo hazikuwa na jina la kuipa. Lakini usimpe mzee ugonjwa ambao daktari hakuwahi kumpima. Ukifanya hivyo, kila alichokifanya kitageuka dalili, naye atapotea nyuma ya ugonjwa huo.

Ndugu wafuate baadaye, kila mmoja kwa wakati wake, si wote kwa pamoja.

Nyaraka ziwe za mwisho. Kagua medali kwa kioo cha kukuzia: zile za Uingereza za Vita Kuu ya Kwanza kwa kawaida zina jina na kikosi cha mwenyewe ukingoni, ambapo nyota (medali zenye umbo la nyota) za Vita Kuu ya Pili nyingi zilitolewa bila jina, kwa hiyo nyota pekee haithibitishi ilikuwa ya nani. Usipopata faili, usiharakishe kumshuku mzee. Mabomu yaliyoangushwa London mwaka 1940 yaliteketeza sehemu kubwa ya mafaili ya askari wa Uingereza wa vita vya 1914–1918, na moto wa mwaka 1973 huko St. Louis uliunguza mamilioni ya mafaili ya wanajeshi wa Marekani. Kama alitekwa, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ina kumbukumbu za wafungwa wa vita. Nyaraka zikipingana na alivyosimulia, acha kauli zote mbili na utaje kila moja imetoka wapi.

Ikiwa mzee yungali hai, usimuulize aliua wangapi. Muulize kuhusu ulichokiona wewe: "Babu, kwa nini ulipenda kiti kile?" Swali la namna hiyo linamwachia nafasi ya kujibu kwa kadiri anayotaka. Akinyamaza, andika swali, tarehe na kwamba hakujibu, wala usimjazie jibu. Ukimaliza, msomee kurasa zote kwa sauti, na anachotaka kifichwe wakati wa uhai wake kiweke katika bahasha tofauti iliyoandikwa siku inayoweza kufunguliwa.